Picha ya Mama Aliyepona

Mimi nikipewa kitu cha bure, kwanza nakigeuza niangalie chini kuna nini. Kwa hiyo tajiri wetu alipotangaza kwamba tutawapima watu wa mtaa wa Kamwokya presha bila malipo, nilipiga makofi kama wenzangu huku moyo ukikataa. Nakanda migongo ya wateja katika nyumba yake ya afya na urembo huko Bugolobi. Ni Mkenya aliyehamia nchi hii kama mimi, mtu wa kanisa, na sijawahi kumwona akitoa kitu bila mpiga picha kuwa karibu.

Hata hivyo Kamwokya ndiko ninakoishi, nikamwita jirani yangu aje, mjane wa polisi kutoka kaskazini, mwenye Kiswahili cha kambi za polisi, ambaye uani kwetu wote tunamwita Mama. Presha yake ni ya siku nyingi. Vidonge vya hospitali anadai vinamchosha, na mimi ndiye ninayemsumbua kila jioni avimeze. Hiyo ni kazi yangu ya pili, na mshahara wake ni matusi.

Hema lilipigwa kando ya soko. Spika zikafunguliwa, na mwalimu wa mazoezi akawapanga watu wacheze kwanza, wapate joto, ndipo wapimwe. Hapo nikashtuka. Kila nesi niliyewahi kukutana naye humkalisha mtu atulie kabla hajamfunga ule mkanda mkononi. Mama, aliyezoea ngoma za kambini, alicheza kuliko vijana, na mpiga picha akamganda kama ruba. Akatoka pale anahema, akafungwa mkanda, mashine ikasoma juu. Msichana wa mezani akampa pakiti ya chai yetu ya mitishamba, akamwambia anywe hiyo tu, presha itashuka yenyewe. Karibu kila aliyepimwa aliondoka na pakiti. Hiyo ya kwanza ni bure. Ya pili inauzwa Bugolobi.

Nilimfuata tajiri nyuma ya hema.

"Dada, mbona wanacheza kabla ya kupimwa?"

"Watu wakikaa kimya picha hazina uhai," alinijibu, wala hakukasirika. "Na wewe una shida gani na watu kufurahi?"

Kazi nilikuwa bado naihitaji, nikarudi mbele ya hema. Mpaka leo sijui kama ulikuwa ujinga au ujanja. Naegemea kwenye ujanja.

Wiki iliyofuata nilikuta picha kubwa ukutani pale mapokezi. Mama, mikono juu, meno yote nje. Chini wameandika: "Presha ilinisumbua miaka mingi. Sasa nimepona." Na picha yenyewe ilipigwa kabla hajaonja hata funda moja la chai. Nilichukia, nikamkanda mteja wa kwanza kwa nguvu mpaka akalalamika.

Jioni nilikwenda kumwambia Mama, nikidhani ataudhika. Kumbe walishamletea nakala yake ndani ya fremu, naye ameitundika karibu na picha ya marehemu mumewe. Majirani walijaa mlangoni wakimpongeza, wengine wakiuliza chai hiyo inapatikana wapi.

Walipoondoka nikamwekea vidonge vyake na maji.

"Hapana, mtoto yangu," akasema, akivirudisha mkononi mwangu. "Mimi nakwisha pona."

"Nani amesema?"

Akainua kidevu kuelekea ukutani.

"Mama, hiyo picha ilipigwa hata hujapimwa. Chai ulikuwa bado hujanywa."

"Mimi najua. Mimi ilikuwa hapo." Akashusha sauti, maana dirisha lilikuwa wazi. "Lakini watu yote nasoma kwamba Mama nakwisha pona. Sasa wakiona mimi nameza dawa, watasema mimi iko mwongo."

Nikamsihi, nikamkaripia, nikakaribia kulia. Akanishika bega, akanisindikiza mpaka mlangoni, akanishukuru kwa kumwita siku ile.