Siku Niliyomzika Mzee Barasa Akiwa Hai

Jamani, hii aibu nikiikumbuka bado nafunika uso, lakini acha niitoe leo nipumue.

Nilikuwa nawania kiti cha mwakilishi wadi pale Naitiri, Bungoma, nilikoolewa (nilizaliwa Kitale, na kila nikisimama kuna mtu wa kuniambia nirudi kwetu nikaombe kura huko, na huko Kitale nao wananiambia mimi ni wa Bungoma). Sasa huku kampeni ni matanga, usipoonekana kwa mazishi hakuna anayekujua, basi Jumamosi moja nikafika kwa boma fulani nikakuta wagombea wenzangu, wanaume watupu, wamepangiwa viti vya mbele, na emsii, yule mwongoza shughuli, akanitazama tu, akasema, "Mama, wenzako wako jikoni."

Ningekataa. Lakini nikajiambia, si nimenye viazi viwili tu, nisionekane na madharau? Viwili vikawa gunia, gunia likanipeleka kwa sufuria la mchele, moshi machoni, na historia ya marehemu inasomwa huko mbele sisikii hata neno. Nikamuuliza mama aliyekuwa kando yangu, "Hapa ni kwa nani?"

"Kwa Mzee Barasa."

Nikashika jina hilo.

Mara nasikia jina langu kwa spika. Nikakimbia na aproni, masizi shavuni, nikashika maiki na uchungu wote: "Mzee Barasa alikuwa baba yetu sisi wote, Mungu ailaze roho yake…"

Mzee mmoja wa mstari wa kwanza akainuka polepole. "Mama, Barasa ni mimi. Tunazika ndugu yangu, Wekesa. Mimi bado nangoja chakula."

Bana, watu walicheka mpaka waliovaa nguo za kilio wakajifuta machozi mengine! Mgombea mmoja akapaza sauti, "Si tuliwaambia huyu ni mgeni?" Sijui ujasiri nilitoa wapi, nikasema, "Mzee, nisamehe. Historia ya ndugu yako imesomwa nikiwa jikoni nawamenyea viazi."

Kicheko kikakatika. Kina mama wakatoka jikoni na miiko yao, wakasimama nyuma yangu. "Mwambie tena!"

Mzee Barasa akamgeukia emsii. "Mpe kiti. Kama ni kumenya viazi, wanaoomba kura waende wote."

Kura bado hazijapigwa. Lakini wiki jana wale kina mama waliniita kwa mkutano wao, wakaniuliza maswali magumu ya zahanati kwa saa mbili nzima, kama mtu wanayetaka kumtuma kazi. Mimi nimeapa: nikifika mahali nitakaa mbele, nisikilize, na zamu yangu ikifika, niongee.