Kiroba Kibovu Katika Mashindano ya Mugumu

Ninyi mlio nyumbani Kondoa mmeniuliza mara nyingi mbona sirudi, na jibu langu limekuwa lile lile: sijapata. Nilikuja Nyakunguru wakati wa rashi, dhahabu ilipokuwa ikivuta watu kutoka kila mkoa, nikamwacha mama na shamba la alizeti. Tangu hapo nachimba duara moja, yaani shimo la dhahabu, na Mwita, Mkurya wa hapa hapa. Nami ndiye mbebaji wetu, nasomba mawe kwa pikipiki kutoka shimoni hadi kwenye karasha yanakosagwa. Nimechoka. Nasema wazi sasa, kwa sababu kwenye simu huwa nasema niko salama tu. Basi niliposikia kwamba mfanyabiashara mmoja wa Mugumu ameandaa mashindano ya pikipiki porini, na kwamba mshindi atapewa pikipiki mpya, niliona nimepata njia ya kurudi kwenu bila aibu.

Nyakunguru, alfajiri. Mwita alikuwa ameshashuka duarani. Nilimuaga tangu jana yake, akaguna kama kawaida yake. Shida ilikuwa pikipiki yenyewe. Sisi wabeba mawe huongeza springi za nyuma ziwe ngumu, ili zihimili viroba vitatu kwa mpigo. Chombo cha namna hiyo kikienda kitupu kinarukaruka kama mbuzi aliyekatiwa kamba. Ilibidi nikitulize kwa mzigo. Nyuma ya kibanda chetu kulikuwa na viroba vizima, vimefungwa vizuri, vinasubiri kusagwa. Sikuvigusa, ni jasho la watu wawili. Pembeni, juu ya magwangala, yaani mawe ya kutupa, palikuwa na kiroba kimoja kikuukuu kilichochanika ubavuni. Nikakifunga hicho kwenye keria kwa mipira ya tairi, nikaondoka nikijisifu kwa uangalifu wangu.

Darajani, mto Mara. Jua lilikuwa limepanda tulipopangwa mstari upande wa wilaya ya Serengeti. Wenzangu wengi walikuwa na buti na kofia ngumu. Mimi nilivaa koti la kuchimbia. Jamaa mmoja wa Nyarero, mwembamba, mcheshi, aliuangalia mzigo wangu akatikisa kichwa, akaniita kijana kwa Kikurya.

"Mura, umekuja kushindana au unahama?"

"Nina abiria," nikamjibu.

Watu wakacheka. Bendera ikashushwa, tukaingia porini.

Njia yenyewe ilikuwa ya ng'ombe, imebanwa na migunga pande zote mbili, na miiba yake haina adabu. Lakini kiroba kilifanya kazi. Pikipiki ilikaa chini, ikakata kona kwa utulivu, na wale wenye pikipiki nyepesi nikawa nawapita mmoja mmoja wakiokota vioo vyao vya pembeni. Tulipofika katikati ya pori mbele yangu walibaki wawili tu. Nilifurahi, sitaficha. Akilini nilimwona mama kule Kondoa akitoka nje kwa kusikia mlio wa pikipiki yangu mpya.

Bondeni, kwenye kijito. Hapo udongo ni mweusi, na mvua ya wiki ile ilikuwa imeufanya uji. Wale wawili walikuwa wamekwama, matairi yakizunguka bure. Nami nikazama hadi kwenye ekseli. Nikafanya tunavyofanya kila siku njia ya duarani ikiharibika: nikafungua kiroba, nikatandika mawe chini ya tairi na mbele yake, nikayashindilia kwa kisigino hadi ng'ambo. Nikatoka. Kabla sijafunga mawe yaliyobaki, yule wa Nyarero alitokea nyuma, akapita juu ya mawe yangu bila hata kupunguza gia.

"Asante kwa barabara," akasema.

Kilimani nikamfukuza. Mzigo ukanivuta nyuma, nikakata mipira, mawe yaliyobaki yakamwagika njiani. Huo ndio ulikuwa mwisho wangu. Pikipiki ilipojikuta tupu iliruka kwenye mzizi wa kwanza tu, ikanitupa kwenye kichaka, nikabaki nachomoa miiba huku wengine wakipita.

Mugumu, alasiri. Niliingia uwanjani wa saba. Jamaa wa Nyarero alikuwa ameshakaa juu ya pikipiki mpya, anapigwa picha. Nikamwona Mwita kando ya uwanja, amejaa vumbi la lori. Nilidhani amekuja kunishangilia. Hata hakunisalimu.

"Kiroba kiko wapi?"

"Kipi?"

"Kile kibovu."

Nikamweleza. Alichuchumaa, akashika kichwa. Kumbe miezi yote ile, kila jiwe lililoonyesha dhahabu alikuwa analitia mle, akakiacha juu ya magwangala ili mwizi asikitazame mara mbili. Mwizi hakukitazama. Mimi ndiye niliyekitazama.

Usiku ule tulilala kwa Mzee Saidi, fundi wa mabati mwenye asili ya Tanga, ninayesali naye kila nikija Mugumu. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akatuwekea chai, akasikiliza yote. Halafu akamgeukia Mwita.

"Mwizi sawa. Huyu mwenzako ulimficha kwa nini?"

Mwita alizungusha kikombe hadi chai ikapoa.

"Mzee, huyu Mrangi ananiambia kila siku, tukipata tu, anaenda kwao. Sasa tumepata. Ningemwambia, nabaki na nani kule shimoni?"

Nilitaka kukasirika, nikakosa nguvu. Nilikuwa nimetoka kutafuta nauli porini, kumbe nauli yenyewe ndiyo niliyoikanyagia tope.

Kurudi. Asubuhi tuliifuata njia ile ile tukitokea Mugumu. Kilimani tuliokota mawe moja moja, Mwita akiyalamba ili yang'ae, apate kuona mshipa. Kijitoni palikuwa na mama mmoja na mzigo wa kuni kichwani, anavuka juu ya mawe yetu bila kulowa.

"Mnang'oa njia?" akauliza. "Jana tu tumeipata."

Mwita alionyesha kilimani kwa kidole. Kila jiwe tulilolitoa tulileta jingine la kawaida kutoka kilimani, tukalishindilia mahali pake. Tulifanya hivyo hadi mgongo ukagoma. Mengine yalikuwa yamezama, hatukuyapata. Yule mama alirudi kwa mzigo wa pili, akavuka, akatuambia Mungu atatulipa.

Nyakunguru tulifika jioni na nusu ya kiroba. Safari hii imenifunza kwamba mtu anaweza kuchoka na mahali kiasi cha kutomwona aliye naye pale. Mwita sikuwahi kumuuliza yeye angebaki na nani.

Asubuhi iliyofuata nilikuta mawe yamehamishiwa kiroba kipya, cheupe, kimefungwa kwenye keria kwa mipira yote tuliyokuwa nayo. Mwita alikuwa amekaa mlangoni, anavaa viatu vya kushukia shimoni.

"Hutaki twende wote karasha?" nikamuuliza.

"Nenda wewe," akasema. "Nikienda mimi, nitakificha tena."