Kipande cha Asubuhi

Bucha lake lilikuwa kwenye kona, katikati ya duka la rangi na kinyozi, na kila asubuhi, kabla hajamuuzia mtu yeyote hata mfupa, alikuwa na shughuli moja ya kufanya mbele ya macho ya wote. Alishusha paja la ng'ombe kutoka kwenye kulabu, akalilaza juu ya gogo, akatafuta mahali penye mnofu mtupu, akakata kipande chembamba kama mkanda wa saa. Akakinyunyizia chumvi. Kisha akakila kibichi vilevile, akitafuna bila haraka huku akiwaangalia wateja mmoja mmoja. Akishameza, alifuta kisu na kuuliza, "Haya, nani wa kwanza?"

Kwa ajili hiyo watu walimwita Shahidi. Jina lake la kuzaliwa lilibaki kwenye leseni ya biashara na mdomoni mwa mkewe siku alizokasirika.

Desturi hiyo hakuibuni yeye. Alifundishwa na mzee aliyemwingiza kwenye kazi, enzi ambazo bucha halikuwa na friji na hofu kubwa ya mteja ilikuwa ni kuuziwa nyama iliyolala. Mzee yule alimwambia kwamba mteja akikuona wewe mwenyewe unaila mbichi, bila moto wa kuficha harufu wala viungo vya kufunika aibu, hatakuwa na swali la pili. Shahidi alilishika somo, halafu, kama ilivyo tabia yake, akalitia chumvi. Miaka ilivyosogea alianza kuamini kwamba nyama mbichi si ushahidi tu, ni dawa. Moto, alikuwa akisema, unakula nguvu ya nyama kabla mwenyewe hujaila. Alijipiga kifua kwamba hajawahi kulala hospitali, na sifa zote alizielekeza kwa lile paja la ng'ombe, kana kwamba wauza maboga wote mjini walikuwa wagonjwa mahututi.

Wa kumpinga alikuwa mmoja tu, mwalimu mstaafu aliyekaa kwenye benchi la bucha kila asubuhi na gazeti lake, hanunui kitu. Mwalimu hakula nyama ya aina yoyote. Kwake mbichi na iliyopikwa zilikuwa ndugu wa tumbo moja: zote zinaziba mishipa, zinapandisha presha, zinavimbisha vidole vya miguu. Shahidi alimwuliza basi meno ya pembeni tulipewa ya nini, ya kufungulia chupa? Walibishana hivyo kwa mapana na marefu, kila mmoja akirudi kwake ameshinda. Mmoja wao angekubali kushindwa, nadhani wote wawili wangeugua kwa upweke.

Mambo yangebaki mzaha wa benchi kama si binti wa Shahidi.

Alikuwa na binti mmoja tu. Tangu alipoweza kusimama nyuma ya meza ya bucha, Shahidi alikata vipande viwili badala ya kimoja. Mtoto alikipokea chake, akakitupa mdomoni, akakimeza karibu bila kutafuna, kisha akakimbilia bombani na kikombe chake kunywa maji. Baba alifurahi kupita kiasi. Aliwaambia wateja, tazameni kinavyokwenda, huyu ni damu yangu. Binti akakua, akaolewa na dereva wa lori la safari ndefu, lakini kila Jumamosi alikuja kumsaidia baba yake kupokea malipo, na kila Jumamosi kipande chake kilimngoja kwenye kisahani.

Sasa alikuwa mjamzito. Mwaka uliotangulia alikuwa amebeba mimba, ikatoka. Nyumbani hawakulizungumza jambo lile. Mama yake alikunja tu vile vinguo vidogo alivyokuwa ameanza kuvishona, akavirudisha sandukuni. Kwa hiyo mimba hii ya pili waliilea kama yai. Mama alimkataza kuinua ndoo, mume alipiga simu kila alipopata mtandao, na Shahidi naye akaonyesha mapenzi kwa njia anayoijua: alikifanya kile kipande kuwa kinene zaidi.

"Kula, mama," alimwambia. "Na mjukuu ale."

Binti alikula, akaenda bombani.

Siku ya kliniki ilimkuta mume yuko safarini na mama miguu imemvimba. Shahidi akafunga bucha mapema, akavaa shati lililopigwa pasi, akamsindikiza. Chumba cha mkunga kilipakwa rangi ya kijani nusu ukuta. Kulikuwa na mizani, kitanda chenye shuka jeupe, na picha ya tumbo la mama lililofunguliwa likionyesha mtoto ndani, ambayo Shahidi kwa heshima zake aliikwepa na kulikodolea macho dirisha. Mkunga alikuwa mama wa makamo, miwani yake imening'inia shingoni kwa uzi. Alimpima binti, akaridhika na tumbo, ila akasema damu imepungua kidogo. Akamwuliza anakula nini.

Binti akataja wali, maharage, mboga za majani. "Na nyama," akamalizia, akiangalia sakafu.

Shahidi aliona amevuliwa nguo hadharani. Mtoto wa mwenye bucha, apungukiwe damu? Hakusubiri kuulizwa.

"Kwa chakula usiwe na wasiwasi, mama mkunga," alisema. "Huyu namlisha mimi mwenyewe. Kila Jumamosi nampa mnofu mtupu, haujaguswa na moto."

Mkunga akaweka kalamu chini. Alimtazama binti, binti akaitikia kwa kichwa. Hakufoka, na labda angefoka ingekuwa nafuu. Alieleza kwa utaratibu, kama mtu anayemwonyesha mgeni njia, kwamba ndani ya nyama mbichi huweza kuwemo vimelea ambavyo jicho halivioni wala pua haivinusi. Mtu mzima anaweza kuvila akapata homa ndogo, au asisikie chochote, au akafuga tegu tumboni bila kujua. Lakini vipo vinavyoweza kupita kwa mjamzito hadi kwa mtoto, vikamharibu macho au ubongo, au mimba ikatoka.

"Nyama yangu ina muhuri," Shahidi alisema, sauti imemshuka. "Kila paja limekaguliwa na daktari wa mifugo."

"Najua, baba," mkunga alimjibu. "Hata mimi nanunua yenye muhuri. Daktari anaondoa ugonjwa anaouona. Asivyoviona ameviachia moto wa jikoni kwako."

Maisha yake yote Shahidi aliuona ule muhuri wa wino kama kiapo kwamba kila kitu kimekwisha salama, kumbe ulikuwa unasema nusu tu. Kisha akauliza lile aliloliogopa zaidi, bila kumwangalia binti yake.

"Na ile ya mwaka jana?"

"Hiyo hakuna atakayekuambia," mkunga alisema. "Mimba zinatoka kwa sababu nyingi, nyingine hata sisi hatuzijui. Usijitwishe usichokijua. Hii ya sasa tunaweza kuipima, basi tuipime."

Akachukua damu. Shahidi akamwuliza, kwa woga kidogo, kama sasa nyama ipigwe marufuku kabisa, maana aliona mwalimu atakavyochekelea. Mkunga karibu acheke yeye. Alisema nyama ya kiasi, pamoja na maharage na majani, ndiyo itakayomrudishia damu. Aipike tu mpaka ndani pasibaki wekundu, na kisu kilichokata nyama kisikate kachumbari kabla ya kuoshwa. Majibu waje kuyachukua Alhamisi.

Njiani Shahidi alimbebea binti yake mkoba, jambo ambalo hajapata kumfanyia mwanamke yeyote, na mkoba ukamning'inia begani kama umemkataa. Alitaka kusema samahani. Kila alipofungua mdomo alijikuta akimwambia aangalie shimo.

Kesho yake asubuhi wateja walikuwa wamejipanga kama kawaida. Alishusha paja, akalilaza kwenye gogo. Mkono ukakata kipande wenyewe, kwa mazoea, ukakinyunyizia chumvi, ukakiinua. Hapo ukasimama. Mbele yake alikuwepo mama kambeba mtoto mgongoni, na mtoto yule alikuwa amekitolea macho kile kipande. Shahidi akakirudisha kwenye gogo.

"Leo sili," alisema.

Minong'ono ikaanza. Mwenye mgahawa wa ng'ambo ya barabara, ambaye ndiye aliyekuwa akiondoka na fungu kubwa kila siku, alimwuliza waziwazi kama nyama imelala. Angeweza kusingizia tumbo, na kesho yake mambo yakaendelea. Uongo huo ulimjia mdomoni ukiwa umeshavaa viatu. Lakini aliukataa. Aliwaambia kwamba nyama ni ya asubuhi ileile, ila ameambiwa kliniki kwamba kuila mbichi ni hatari, na yeye amekuwa akimlisha binti yake mjamzito kwa mkono wake, na sasa wanangoja majibu. "Kama kuna aliyeniiga nyumbani kwake," alimalizia, "aache."

Mwenye mgahawa alisikiliza, akapachika kikapu mkononi, akavuka kwenda kwa muuza nyama mwingine. Ilimuuma Shahidi, tusidanganyane. Wengine walinunua kimyakimya. Wote wakageuka kumtazama mwalimu, wakijua ushindi aliouota miaka yote umemwangukia mapajani. Mwalimu alikunja gazeti.

"Majibu lini?" aliuliza.

"Alhamisi."

"Nikatie nusu kilo."

Shahidi alidhani anachezewa. "Nusu kilo ya nini? Wewe?"

"Ya paka."

Akampimia, akamfungia. Alipokuwa akimkabidhi alimwambia na paka naye ampikie, mwalimu akajibu kwamba paka wake ana akili kuliko watu fulani wenye mabucha, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile Shahidi alitabasamu. Alhamisi ilipofika, mwalimu ndiye aliyebaki kulinda duka.

Majibu yalikuwa mazuri. Mkunga aliyasoma, akayarudia kwa lugha nyepesi: hakuna maambukizi. Aliwasisitizia kwamba hilo si ruhusa ya kurudia, na Shahidi akaitikia "ndiyo" kabla sentensi haijaisha. Akamwomba binti yake amtangulie. Yeye akakaa kwenye benchi la nje ya kliniki, mzee mzima na shati lake la pasi, akalia. Hakujali nani anamwona. Alilia kwa ajili ya mjukuu huyu aliyepona, na kwa ajili ya yule mwingine ambaye hakuna atakayemwambia kitu, kisha akapenga makamasi na kumfuata mwanawe.

Jumamosi alikuja buchani na jiko la mkaa. Aliliweka mlangoni, akatandika wavu, akakata vipande viwili kama siku zote. Akavichoma, akivigeuza na kuvigeuza tena, akakipasua kimoja kwa ncha ya kisu kukagua ndani, hakuridhika, akakirudisha. Wateja wakamtania kwamba kwa mwendo huo watakula mchana. Hatimaye akakila chake mbele yao, akafuta kisu.

"Ushahidi ni uleule," alisema. "Umechelewa kidogo tu."

Cha pili alikiweka kwenye kisahani, akampelekea binti yake aliyekaa nyuma ya meza ya malipo, tumbo limeanza kugusa droo. Akasimama pembeni akijifanya anapanga karatasi za kufungia. Binti alikichukua kwa vidole viwili, akakipuliza. Akauma kidogo, akatafuna polepole, akauma tena. Kilipokwisha alilamba chumvi kwenye kidole. Hakwenda bombani. Alimnyooshea baba yake kisahani kitupu.

"Ongeza, baba."

Shahidi alikipokea kisahani. Alikumbuka asubuhi zote zile, tangu mtoto hajafikia kimo cha meza, na hakupata hata moja ambayo aliombwa kuongeza.

"Kwani kile kibichi," alimwuliza, "hukuwa unakipenda?"

Binti aliangalia kwanza kama yupo mteja anayesikiliza.

"Nilikuwa nakimeza tu," alisema. "Ulikuwa unafurahi sana."

Shahidi alirudi mlangoni, akachochea mkaa, akamkatia kingine.