Kikohozi Ndani ya Sidii

Juzi nikipita Kakuyuni niliona sidii za muziki zimetundikwa shambani kufukuza ndege, nikamkumbuka mama.

Nilikuwa mtoto mdogo, naye alikuwa ameshazikwa, alasiri ile nilipofuatana na baba hadi duka la kompyuta mjini Malindi. Duka lilinuka vumbi la moto na ubani wa jirani. Baba alibeba sidii ya kwaya aliyoiongoza mama, akataka nyimbo zihamishiwe kwenye flashi kabla hazijaharibika.

Fundi aliitia kwenye mashine. Sauti ya mama ikatoka ikikatikakatika, ta-ta-ta, nami nikadhani amefungiwa humo ndani, anagonga atolewe.

"Mfungulie, mjomba," nilimwambia nikilia.

Fundi hakunicheka. Aliifuta sidii kwa kitambaa laini, kutoka katikati kwenda ukingoni, akaiamuru kompyuta isome polepole. Safari hii mama aliimba bila kukwama. Kisha, baina ya beti mbili, akakohoa.

Nilipiga makofi kwa furaha. Kikohozi kile nilikizoea kila alfajiri. Nikajua ni yeye kweli, ametoka.

"Hicho naweza kukikata, mzee," fundi alisema.

"Kiache, mwanangu," baba alimjibu, akatoka nje upesi.

Sikuelewa kwa nini hakurudi hadi wimbo ulipokwisha. Sasa najua kwamba siku ya kurekodi mama alikuwa tayari mgonjwa, na sote nyumbani tulikuwa tukimwambia ni mafua tu. Wimbo ninao kwenye simu. Kila nikiusikiliza, huuzima kabla hajakohoa.