Zulema na Ndoo ya Sarafu

Zulema ndiye msimamizi wa choo cha soko hapa San Jacinto. Unampa peso zako, anakukatia karatasi, na akiona umekunja uso anakuongezea bila kuulizwa. Mji mzima humkimbilia tumbo likichafuka. Mji huohuo ukikutana naye kanisani, unahama benchi.

Alipozaliwa aliitwa Eleuterio. Miaka mingi sasa ni Zulema, ila mama yake, Doña Eduviges, bado hajapata habari.

Araceli, mke wa kaka yake, alimwomba awe mama wa ubatizo wa bintiye mchanga. Zulema alilia kwa furaha hadi kope za bandia zikamdondokea kwenye supu. Padri akagoma: "Aje na suruali, awe baba wa ubatizo." Basi Doña Eduviges akamteua Don Crispín, mwenye duka la misumari, na Zulema akaachiwa kudhamini soda za sherehe.

"Utazipitishia mlango wa nyuma," mama akamwambia. "Wewe ni baba mdogo wa mtoto, usituaibishe."

"Mimi ni shangazi, mama."

"Shangazi gani ana ndevu kunishinda?"

"Zako ndizo nyingi, mama, mimi nanyoa."

Siku ya ubatizo akasimama ng'ambo ya barabara, gauni la zambarau, mkononi ndoo ya sarafu za chooni, akanunulie soda. Ibada ikaisha, watoto wakaziba mlango wa kanisa: "Bolo! Bolo!" Hapo mzazi wa ubatizo lazima awamwagie sarafu, ndiyo bolo yenyewe. Don Crispín akapekua mfuko, akatoa leso, akapenga kamasi.

"Bahili!" watoto wakamzomea. "Mtoto ataota kipara kama chako!"

Araceli akafunika uso kwa shali. Zulema akavuka barabara na visigino vyake virefu, akarusha sarafu zote juu. Zikamnyeshea Don Crispín kipara. Zilipokwisha, akafungua mkoba akarusha karatasi za choo, bunda baada ya bunda.

"Aishi mama wa ubatizo!" watoto wakapagawa.

"Siye huyo!" padri akafoka, karatasi imemzonga shingoni.

"Aliyemwaga ndiye!" watoto wakamjibu.

Araceli akashuka ngazi. "Wifi, mshike mwanao."

Zulema akaweka ndoo chini, akampokea.

"Zulema, shika kichwa cha mtoto!" akapiga kelele Doña Eduviges. Kumbe habari zilishamfika.

Mtoto akamkojolea zambarau yote.

"Wewe peke yako, mwanangu," Zulema akamwambia, "hulipi."

Soda hatukunywa.