Mafuta Meupe Kama Tui

Hapana, kaka, usiniambie mota imechoka. Mota ya kunyanyulia mashine naisikia inazunguka vizuri, ila mashine ya boti haipandi kutoka majini, na hayo mafuta ya hidroliki uliyoyamwaga leo mchangani yananuka chumvi. Harufu hiyo naijua.

Nilikuwa mdogo, nimetoka madrasa, ushungi bado kichwani. Boti ilikuwa hii hii, enzi za baba, na mashine iligoma kunyanyuka vilevile. Fundi akabonyeza swichi, akasikiliza, akasema mota haina nguvu. Mimi nikachovya kidole kwenye kitangi cha mafuta. Yalikuwa meupe, mazito, yanateleza.

"Baba, haya yamekuwa kama tui. Yameingia maji."

Fundi hata hakugeuka. "Mambo ya tui yako jikoni, mwanangu. Nenda kamkunie mama'ko nazi."

Baba akacheka. Maneno ya fundi sikuyajali, kicheko cha baba ndicho kiliniuma.

Wakafunga mota nyingine, na mashine haikupanda. Siku ya tatu nikamwona fundi anachomoa sili, ile pete ya mpira ya kuzuia maji, imekatika kwenye silinda inayonyanyua mashine, mlemle yalimopita maji ya bahari. Akaifuta kwa kitambaa. Baba naye akatazama kwingine.

Na wewe leo unasema niache, nitaharibu, mtoto wa kike hashiki spana. Haya. Kesho asubuhi bahari ikishakupwa nashuka pwani na spana zangu, naifungua silinda mwenyewe, na simwombi mtu ruhusa.