Mpira wa Mgeta Uliposhuka Mjini

Mjomba wangu alikuwa na sauti ya mtu anayetafuna muwa huku anawaza. Neno moja, kisha unangoja. Ndiye aliyekuwa anagawa ardhi ya ukoo, maana kwetu Uluguru shamba linafuata upande wa mama. Mume wangu hapo hakuwa na la kusema, na kutosema huko alikuweza vizuri tu.

Sasa akaja katibu wa Chama kutoka mjini. Huyu naye alizungumza kama anahutubia uwanja, hata ukiwa peke yako na jembe lako. "Ndugu akina mama. Taifa limealika timu za wanawake kutoka nchi za nje. Timu yetu ya Morogoro mjini imepungukiwa wachezaji wawili." Alikuwa amesikia wanawake wa Mgeta wanacheza mpira.

Ni kweli tulicheza, Jumapili baada ya misa, kwenye kiwanja cha misheni. Kiwanja chenyewe kimeinama kama paa la nyumba. Chini yake maharage, chini ya maharage korongo, chini ya korongo mto. Sheria yetu ilikuwa moja: aliyeutoa mpira anaufuata mwenyewe. Ukishuka na kupanda, mwenzako ameinjika chungu cha maharage na yameiva. Kwa hiyo hakuna aliyekuwa anapiga kwa nguvu. Mpira tuliutembeza kama mgonjwa.

Wakatuchukua mimi na mtoto wa mama mdogo. Nikaenda kwa mjomba, nikamwamkia, nikamweleza. Ulikuwa wakati wa kupanda kabichi. Akatafuna muwa wake usiokuwepo.

"Unaacha shamba la mtoni," akasema. Nikangoja. "Kwa ajili ya mpira."

Nikamwambia taifa limeita. Akakubali kwamba taifa ni kubwa, ila shamba la mtoni linagawiwa na yeye. Nikirudi nimefunga goli, nitaendelea kulima. Nikirudi bure, anampa mwingine wa ukoo. Na lile ndilo shamba langu pekee lililokuwa halikauki kiangazi. Nilikuwa na watoto watatu wanakula humo.

Tukashuka na lori la mboga, tukalazwa Mafiga, huko huko mjini, tukapewa viatu. Vyangu vilikuwa vikubwa, nikavijaza majani ya migomba.

Uwanja wa mjini ulikuwa bapa kama sinia. Wageni kutoka nchi jirani walikuwa wanapiga mpira kama umewakosea. Sisi wawili tukaendelea kuutembeza taratibu. Kufika mapumziko tulikuwa tumefungwa manne. Kocha wetu alikuwa mwalimu mmoja mwenye sauti ya kuku anayetafuta pa kutagia: kwa nini hampigi, kwa nini, kwa nini hampigi golini. Nikamweleza sheria yetu, na maharage, na korongo. Akaniangalia sana.

"Mama," akasema, "hapa hakuna mto."

Tukarudi uwanjani. Mara mpira ukanijia, mbele yangu yupo golikipa wao peke yake. Nikaliona shamba langu. Nikafumba macho, nikapiga kama sijawahi kupiga tangu nizaliwe. Ulipita juu ya goli, ukapita juu ya watu, ukaenda barabarani.

Na mimi nikaufuata.

Wala sikuwaza. Nilipita katikati ya watazamaji nikiomba njia kwa adabu. Baba mmoja akaniuliza, "Unaenda wapi, mama?" Nikamjibu naenda kuchukua mpira. Akaona ni jibu, akanipisha. Nikaukuta kwa muuza mihogo, ameshaukalia. Tukajadiliana.

Nilipokuwa narudi nikasikia watu wanapiga vigelegele. Kumbe walikuwa na mpira wa pili. Mimi nilijua mpira duniani ni mmoja mmoja. Golikipa wao alikuwa ameupiga, ukamgonga mtoto wa mama mdogo gotini, ukarudi, ukaingia. Goli letu pekee siku ile, na mimi niko kwa muuza mihogo.

Kwenye lori la kurudi akaninong'oneza, "Dada, nimwambie mjomba umefunga wewe?"

Nikafikiri tangu Mlali, kwenye tambarare, mpaka lori lilipoanza kupanda milima ya kwetu. Lakini lori zima lilikuwa linaimba goti lake. Nikamwambia aseme kama ilivyokuwa.

Mjomba alitusikiliza wote wawili. Kisha akanigeukia.

"Na wewe ulikuwa wapi?"

"Nilifuata mpira, mjomba."

"Nani aliutoa?"

"Mimi."

Tukangoja. Kuku wake wawili wakapita mlangoni.

"Basi ulifanya sawa," akasema. "Shamba ni la mwenzako."

Asubuhi nikampeleka mtoni, nikamkabidhi. Alikuwa analia, mimi nikawa ndiye wa kumbembeleza. Nikamwonyesha mfereji, na mahali maji yanapovuja, na upande unaofaa kabichi na upande unaofaa karoti.

Sikumwonyesha pote.